Ubeti wa Bibi

Bibi Jovina alipanda basi la Shinyanga, akafumba macho ili asikie vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, mwanamke mzee aitwaye Agutu alikuwa amebahatika kukaa na kijana mwenye tai, mtumishi wa huduma moja ya kiroho inayolea yatima waliohamishwa na mafuriko ya ziwa.

"Namfuata mjukuu wangu Favour," alisema Agutu. "Nyumba nimeshaiezeka. Arudi."

"Mama, kwenye fomu yule mtoto hana ndugu."

"Hana ndugu? Si nilimleta mwenyewe, mkanipa na soda!"

"Tulikuandika msamaria mwema."

Jovina akakohoa katika usingizi wake wa kujifanya. Msamaria wa Biblia walau hakuwa bibi wa yule majeruhi.

"Halafu leo tuna wafadhili," kijana aliendelea kwa upole. "Favour ndiye anaongoza wimbo." Akauimba kidogo kwa fahari: "Hatuna baba, hatuna mama, hatuna ndugu duniani."

"Wimbo mtamu. Na bibi yumo ubeti wa ngapi?"

"Mama, wimbo ulipitishwa na kamati."

"Ahaa! Kumbe nimefutwa na kikao."

Basi likasimama Misungwi, karibu na kituo cha yatima. Kijana akamsihi asubiri kwanza wageni waondoke. Agutu akakaza kitenge kiunoni, akamtangulia mlangoni.

"Nakaa kiti cha mbele hapo kwenye wimbo, baba. Akifika hapo pa 'hatuna ndugu', nasimama nampungia mkono."

Bibi Jovina akafumbua macho, akailaani tiketi yake ya Shinyanga.