Hannah Gakii na Pindo Nililokata Mimi

Tunamuaga Hannah Gakii Mutai hapa Doha kabla ndege haijampeleka kwao Nkubu. Mimi ni Tabitha, mama aliyemzaa.

Marehemu alizaliwa Nkubu, Meru, tarehe 14 Machi 1979. Alitoka ameshika uzi mkononi, ingawa mkunga alikana jambo hilo mpaka kufa kwake. Alimaliza darasa la nane mwaka wa 1993 na kidato cha nne 1997, kisha akajifunza ushonaji mjini Meru.

Mwaka wa 2004 alifunga ndoa na Cyrus Mutai, dereva. Cyrus alimpelekea suruali aipunguze, akairudisha tena na tena ingawa haikuwa na kasoro yoyote, ili amwone tu. Kufika harusi suruali ilikuwa imebaki kaptura. Walijaliwa Chelsea na Lenny.

Alikuja Qatar 2012, akashona mapazia katika duka moja la mtaa wa Al Sadd hadi Machi mwaka huu, figo zilipomlaza. Nikaja kumuuguza. Pale nyumbani kwake na Cyrus, mtaa wa Muaither, alikuwa akiunga mabaki ya mapazia kuwa blanketi la viraka la Chelsea, anayeingia chuo cha uuguzi.

Oktoba lilibaki pindo tu, vile vitambaa virefu vya kuzungushia. Mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu, akaniomba nimpimie na kumkatia. Akanionya: "Mama, pima katikati ya blanketi. Pembeni huvutika, patakudanganya."

Nani wa kunifundisha mimi kupima? Nikapima pembeni. Pindo likazidi sentimita sita, na alipolishona kwa cherehani likafanya mawimbi. Akaniuliza kama kweli nilipima katikati.

"Nilipima ulivyosema," nikamjibu. "Viraka vyako ndivyo vilivyopinda."

Aliniamini. Wiki yake ya mwisho nyumbani aliimaliza akifumua viraka kimoja kimoja, akitafuta kosa lake. Cyrus alimsihi apumzike. Akasema mtoto hawezi kwenda chuoni na kitu kilichopinda. Nami nilikuwa papo hapo, namenya viazi.

Tarehe 2 Novemba alirudishwa hospitalini. Nilingoja apate nafuu ndipo nimwambie. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Uongo wangu mwingi mmeucheka, na Gakii aliucheka kuliko nyote. Huu hakuujua.

Ameacha mume wake Cyrus, watoto wake Chelsea na Lenny, dada yake Kathure, na mimi mama yake.

Gakii, viraka vyako vilikuwa vimenyooka. Weka sindano chini, mwanangu, upumzike kwa amani.