Mzee Evaristi na Rangi ya Maji

Nilikuwa napukuchua mahindi uani kwangu Milanzi, asubuhi ya Jumanne tarehe 17 Julai 1979, gunia la kwanza limefika nusu na upepo wa kipupwe unapeleka makapi yote kwa jirani, ndipo jirani yangu Hamisa, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake kupeleka uji hospitali, aliporudi na chupa ya uji ikiwa bado imejaa, akasimama mbele yangu akasema, "Mama Dominika, acha hayo mahindi," nami nikaelewa kwamba baba yangu, Mzee Evaristi Modesti, ametutoka.

Baba Paroko, Ndugu Mwenyekiti wa tawi, ndugu na majirani, mimi ni Kalista, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake kwa kuwa kaka yangu Flavian amesema hataweza kuifikisha mwisho.

Marehemu alizaliwa mwaka 1917 katika kitongoji cha Kasolo, kusini mwa Wampembe, pale ambapo mlima unashuka moja kwa moja ziwani na kina kirefu kinaanza karibu na milango ya nyumba. Mwezi aliozaliwa haujulikani, lakini cheti chake kinaonyesha alibatizwa tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1926 hadi 1928, darasa la pili, akaacha kwa sababu baba yake aliumia mguu na mtumbwi ukabaki bila mtu, hata hivyo kusoma na kuandika alijua, na nilipokuwa sekondari nilipata barua yake kila muhula, fupi, ikieleza hali ya maji zaidi ya hali ya nyumbani.

Kazi yake tangu hapo ilikuwa uvuvi wa mshipi, na kwa ajili ya wenzetu wa huku juu, ambao samaki wanamfahamu akiwa ameshakauka, naomba nieleze kidogo. Mvuvi wa namna yake hatumii chambo, hufunga manyoya ya kuku kwenye ndoano, ndoano nyingi katika mshipi mmoja, akauvuta polepole nyuma ya mtumbwi, na mgebuka, samaki tunayemvua sana kule ziwani, akiona unyoya unapita hudhani ni dagaa. Kazi yote iko katika kuchagua ndoano ya ukubwa gani na unyoya wa rangi gani kwa maji ya siku hiyo. Maji ya Kasolo ni maangavu, jiwe lililo chini unaliona lilivyo, kwa hiyo jua likiwa kali alifunga ndoano ndogo kabisa, namba kumi na nne, maana namba ikipungua ndoano hukua, na unyoya mweupe mwembamba kama ukucha wa mtoto, mawingu yakitanda aliweka wa kijivu wa kanga wa porini, na upepo ukikoroga uso wa maji alikuja kwenye kubwa zaidi, namba kumi. Hakuanza kufunga kabla hajatoka nje akasimama na kuyatazama maji, na sisi watoto tulikatazwa kumsemesha wakati huo, hata kwa kumwamkia.

Tarehe 4 Oktoba 1941 alifunga ndoa na Luciana, binti wa Mollo, ambaye hadi siku hiyo maji makubwa aliyoyajua yalikuwa ya mto wa kuruka, wakajaliwa watoto watatu, Flavian mwaka 1943, mimi mwaka 1946 na Basil mwaka 1955. Mama alishuka na kuku wake kutoka Mollo, na tangu siku ile ugomvi pekee ninaoukumbuka nyumbani kwetu ulikuwa ni nani mwenye kuku.

Septemba 1974 Kasolo ilihamishwa, kaya zote zikapelekwa kijijini Wampembe. Sikusimama hapa kuieleza operesheni ya vijiji, mliokuwepo mnaifahamu, nasema tu kwamba mihogo ilibaki shambani na kwamba upande tuliopewa ulikuwa karibu na mdomo wa mto, na mvua za Novemba zilipoanza mto ule ulimwaga ziwani maji mekundu kama chai ya maziwa. Baba alitupa majini mishipi yake ya Kasolo, ile iliyomlisha maisha yake yote, akarudi na mtumbwi mtupu, kesho yake tena, na keshokutwa tena. Nilishuka mwezi Desemba na lori la Bwana Huseni, ambaye alikuwa akifuata samaki, nikiwa na unga na nia moja tu, kuwapakia wazazi wangu niwalete Milanzi, kwa sababu nilikuwa na watoto wadogo na sikuwa na nafasi ya kushuka milima ile kila mwezi.

Nilikuta watu wa Kasolo wamekaa mbele ya nyumba ya baba. Unga waliopewa na wenyeji ulikuwa unakwisha, na Eustaki, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake.

"Kaka, huku maji yenyewe yamechanganyikiwa," alisema. "Mimi narudi kwenye mihogo yangu, wakinikamata wanikamate nimeshiba. Wengine waende kwa wakwe zao. Kila mtu na njia yake."

Baba aliyajua hayo maneno yana maana gani, kwamba kaya zikitawanyika mwaka ule hazitakutana tena, mmoja Kirando, mmoja Namanyere, na hakutakuwa na mtu wa kumwambia mwingine kuwa fulani amekufa. Hakubishana. Aliniambia nami, kabla sijafungua mdomo, "Unga nimepokea, mwanangu, safari sijapokea," akachukua mshipi akaenda majini.

Hili ninalolieleza sasa nililiona kwa macho yangu, na mimi si mtu wa kushangazwa upesi. Mzee wa miaka hamsini na saba alivua shati, akaingia ziwani hadi shingoni, akamwambia Basil apitishe mtumbwi juu yake akivuta mshipi, kisha akazama na kutazama juu. Akaibuka, akatema maji, akasema apite tena. Alikaa humo hadi midomo ikawa ya kijivu, na watu waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka.

"Miaka yote nimeyatazama maji kutoka juu," alisema. "Samaki hakai juu."

Kisha akaniita. "Wewe uliyesoma njoo unisaidie kuona, macho yangu yanawasha." Niliingia na gauni langu, nikazama, nikafumbua macho. Kulikuwa na wekundu kila upande, na juu mwanga hafifu kama wa chumba chenye pazia. Basil alipitisha unyoya mweupe, ule wa Kasolo, nami sikuona kitu, ulikuwa umemezwa na mwanga uleule. Halafu baba akatoka, nikamsikia akibishana na mama ufukweni.

"Huyo mweusi anataga," mama alisema.

"Sitaki kuku, Luciana, naazima mkia."

"Mkia huazimwa?"

"Utaota. Wa kwangu ndio hauoti."

Alifunga unyoya mweusi mnene kwenye ndoano namba nne, kubwa mara nyingi kuliko aliyowahi kuitumia, akazungushia uzi mwekundu, nikazama mara ya pili. Ulipita juu yangu mweusi tii, umejichora kwenye ule mwanga kama mtu aliyesimama mlangoni, ukichezacheza, una uhai, na nilisahau kwamba nahitaji pumzi. Nimesomeshwa, nimezaa, nimezika, sijapata kuona jambo likiwa wazi namna ile. Nilipoibuka nilisema, "Baba, unyoya unaonekana," na yeye akasema, "Basi wameuona na wao."

Yule kuku alipopita mbele ya watu bila mkia Eustaki alisema, "Naye amehamishwa huyu," na ikawa mara ya kwanza kusikia kicheko cha kweli pale tangu nifike. Lakini mzigo hakuufungua, alisema atausubiri mtumbwi urudi, basi. Jioni ulirudi na sangala watatu, mmoja amemshinda Basil kumbeba peke yake. Eustaki aliwatazama, akaenda kufungua mzigo wake akatoa sufuria.

Hakuna kaya iliyoondoka. Baba aliwafungia ndoano wote, na baadaye wenyeji wa Wampembe nao wakaja, akajifunza upya maji yale kwa kila hali, nyeusi na kubwa mto ukifurika, kahawia na ya kati matope yakianza kutulia, na Julai maji yakitakata akarudi kwenye nyeupe ndogo kama mtu anayerudi kwao. Alikosea mara nyingi, na akikosea aliingia majini tena.

Alianza kuumwa tumbo Februari 1979, Bwana Huseni akamleta Sumbawanga tarehe 9 Mei, akalazwa. Juma la pili hospitali Eustaki alimletea maji ya ziwa katika chupa ya soda, baba akaiinua dirishani, akaigeuza, akasema, "Namba nane, weka kahawia, na usifunge nene." Toka hapo kila lori lililopanda lilikuja na chupa, na wauguzi walikwisha kuzoea kutozimwaga. Ya mwisho ilifika Jumapili iliyopita, akaishika muda mrefu, akasema tu kwamba ni maji mazuri. Aliaga dunia alfajiri ya tarehe 17 Julai, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Milanzi, hasa Hamisa na wenzake waliogawana zamu za uji nami nikiwa na mtoto mgongoni, wavuvi wenzake wa Wampembe, na Bwana Huseni, ambaye juzi alipopata habari alipakua shehena yake akashusha lori tupu kwenda kuwachukua watu. Baba, umefanya kazi yako, sasa lala, maji tutayatazama sisi.

Lori lilirudi jana jioni giza likiingia, watu wamejaa vumbi na baridi imewapiga, na sufuria za ugali zilikuwa zimekwisha kuteremshwa jikoni na samaki wameiva. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akakataza mtu yeyote kugusa sahani kwanza, akawaita watu wa Kasolo kaya kwa kaya, kwa majina, kama walivyopangana kule ufukweni, na kila kaya ikaitika, ya Eustaki ikiwa ya mwisho, watoto wakiwa wamesinzia mabegani. Mama akatazama huku na huku kuhakikisha. Akasema wamefika wote, akaanza kupakua.