Somo la Maabara

"Sita, mama! Miaka sita, sio saba!" Emmett alipaza sauti mpaka basi zima dogo la chuo likageuka. "Mitatu nasoma siasa badala ya minne, wa nne naingia shule ya sheria moja kwa moja!"

Mama mwenyewe wala hamjui. Ni jirani wa kiti tu, karani mstaafu wa mahakama hapo mjini Duluth, na karatasi ya mipango ya masomo ya Emmett kaishika yeye.

"Unakimbilia wapi, mwanangu? Majaji wamekuulizia?"

Emmett alishafika mbali. Alijiona ana miaka ishirini na nne, suti ya kijivu, mahakama kimya, theluji ikidondoka taratibu nje ya madirisha marefu, bibi yake mstari wa mbele analia kwa raha.

"Na somo la maabara liko wapi hapa? Ukilikosa, shule ya sheria hawakupokei. Utarudi kumaliza wa nne kama wenzako."

"Nitaliweka!"

"Wapi? Hata likizo umezijaza, jamani. Utakula lini?"

Basi likasimama kwenye jengo la kemia, lenye maabara. Ofisi ya kupeleka fomu ya kuomba miaka sita, ambayo mwisho wa kuipokea ni leo saa kumi, ilikuwa kituo cha mbele. Emmett akaichomoa karatasi yake, akashuka hapohapo, akausukuma mlango wa basi ukafungika nyuma yake.