Siku Nilipoitunza Piano

Ndugu zangu, mama zangu wa chama, mimi ni mtu ambaye hakuna kitu cha kumshangaza tena. Nimefungua boneti ya lori nikamkuta kuku amelalia mayai juu ya betri. Nimefika garajini alfajiri nikamkuta kiboko, ametoka ziwani kutafuta majani, ameegemea ukuta wa duka langu. Nikamwambia sogea. Akasogea. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, nikaona inatosha. Mwalimu wangu mwenyewe baadaye alikuja kwangu kununua plagi, na nikampunguzia bei.

Mwenyekiti ameniomba ushuhuda huu niuandike kwanza, kwa sababu anasema nikianza kusema bila karatasi tutalala hapa. Sawa. Nimeandika kwa mkono wangu. Jina la mtu sitalitaja. Wenye habari hii wako humu ndani, naona wengine wameshaanza kucheka.

Kabla ya vita, nani mtaani hapa Buyenzi alikuwa hanijui? Nilianza na spana moja ya kuazima, nikafika kwenye duka la piesi, vipuri vya magari, lenye milango miwili. Nilikuwa na pikapu ya kijani iliyoamsha mtaa mzima kila asubuhi, maana ilikuwa haikubali kuwaka bila kugombana. Inakohoa, inakataa, inakohoa tena, vijana wanasukuma, mimi napiga kelele, halafu ghafla inashika. Majirani walikuwa hawana haja ya saa.

Halafu ikaja ile asubuhi. Mnaijua wote, siwezi kuirudia. Duka liliungua, pikapu iliungua, na mimi nilikuwa mferejini, kifudifudi, nasikiliza matairi yangu yanapasuka moja baada ya jingine.

Nilitoka mzima. Hata mkwaruzo sikuupata. Lakini tangu siku ile, kitu kikilia pa! mimi niko chini. Mfuniko wa sufuria ukianguka, chini. Upepo ukibamiza mlango, chini. Kwenye harusi moja mtoto alipasua puto, nikalala juu ya sinia ya pilau, na bwana harusi alikuwa bado hajala. Mtaani wakanipa jina, Bwana Chini. Watoto walikuwa wananifuata nyuma na debe, wanagonga makusudi, wanangoja. Nawaambia ndugu zangu, mimi niliyefukuza kiboko kwa mdomo, nikaacha kutoka nyumbani.

Kilichobaki katika mali yangu yote kilikuwa soksi moja. Ndani ya soksi kulikuwa na pesa, na soksi niliifunga kiunoni, chini ya shati. Ilikuwa nauli ya boti. Siku mambo yakichacha kabisa, tunapanda wote tunakwenda Kigoma. Kila jioni nilizihesabu zile noti, na bila kuzihesabu usingizi hauji.

Mke wangu, Mungu amweke, ndiye aliyetulisha kwa mandazi. Siku moja akaniambia, "Baba, toa kidogo kwenye soksi ninunue unga, niongeze kazi."

"Apana. Hizi ni za Kigoma."

"Kigoma una nani?"

"Kigoma hakuna bunduki."

"Na mandazi je? Uko na mutu wa kukukaangia kule?"

Nilivuta shati nikafunika soksi.

Sasa, nyumbani tuna binti mmoja. Alikuwa anasoma shule ya masista huko mjini, na sista mmoja mzee akamfundisha piano. Mimi sikuwa naelewa. Nilidhani ni adhabu, maana kila siku anabakishwa baada ya masomo. Kumbe mtoto ameshika. Akafika mahali anapiga muziki mzito wa Wazungu waliokufa zamani, halafu akaanza kutunga wake mwenyewe. Mama yake alikwenda kumsikiliza mara nyingi. Mimi, kamwe.

Alipomaliza shule, sista akamwandalia konseri, peke yake, ukumbi mzima kwa ajili yake. Jumapili mchana, ili watu wawe wamerudi nyumbani kabla ya kuvrefe, ile saa ya kukatazwa kutoka nje. Binti akaja akasimama mbele yangu.

"Papa, ya mwisho nimeitunga mwenyewe. Utakuja?"

"Piga tu, mama. Mi nitasikia hapa hapa nyumbani."

"Hapa nyumbani unasikiaga bunduki tu." Hakupandisha sauti. "Nikifika kwenye ile ya mwisho nikigeuka nisikuone, nafunga piano. Siigusi tena. Nitakaa na mama kwenye mandazi."

Na huyu mtoto si wa kutisha bure. Amenirithi kichwa.

Nikaenda. Kutoka Buyenzi mpaka mjini nilitembea nimeshika ukuta, mke wangu upande mmoja, mama zangu wa chama hiki upande wa pili, wamevaa vitenge vyao vya sikukuu, wanazungumza kwa nguvu makusudi ili nisisikie kitu kingine. Ukumbini wao wakakaa nyuma. Mimi nikachagua kiti cha karibu na mlango, soksi yangu kiunoni.

Mbele kulikuwa na Wazungu, masista, na wakubwa wa ofisi na wake zao. Kimya, utafikiri kuna maiti. Binti yangu akaingia, gauni jeupe, akainama, akakaa. Akaanza.

Ndugu zangu, mimi muziki ule siuelewi, lakini mikono naielewa. Ile ilikuwa mikono ya fundi. Haitafuti, haijiulizi, inafika pale inapotakiwa. Aliponyamaza kidogo nikapiga makofi peke yangu, pa pa pa! Bwana mmoja wa miwani akageuka. "Mzee, bado. Ni sehemu ya kwanza."

"Na ikiwa nzuri hiyo ya kwanza?"

"Unangoja mwisho."

Nikangoja. Lakini nilimwona ni mtu wa kuhurumiwa.

Ikafika ile ya mwisho. Binti akageuka, akaniona. Akaweka mkono wa kushoto chini kabisa, kwenye sauti nene, akapiga kitu kinachokohoa. Kikakataa. Kikakohoa tena. Mkono wa kulia huku juu unagonga, ti-ti, ti-ti, kama nyundo kwenye bati.

Nikasimama nusu. "Ni pikapu yangu!"

Yule wa miwani: "Mzee!"

"Ni pikapu yangu, bwana, ile ya kijani! Sikiliza!"

Na kweli alikuwa ameiweka yote. Garaji, asubuhi, vijana wanasukuma. Inakohoa, inakataa, inakaribia kushika. Na hapo hapo, huko milimani juu ya mji, BUM.

Vioo vya madirisha vikalia. BUM ya pili. Viti vikaanza kuanguka, wakubwa wa ofisi wakaingia chini ya vile vilivyobaki, watu wakakimbilia mlangoni, na mlango ulikuwa ubavuni kwangu. Mimi? Goti moja liko sakafuni tayari. Mkono mmoja sakafuni. Bwana Chini amefika kwake.

Binti yangu akaacha. Mikono ikabaki juu ya piano, haigusi. Akawa ananitazama.

Nataka mnielewe vizuri. Sikupata ujasiri. Mtu asiniongezee. Kilichonishika ni kitu kingine. Wewe ni fundi, gari imekohoa mara ya mwisho, imebaki pumzi moja iwake, halafu watu wote wanaiachilia. Haiwezekani! Hata nyumba ikiwaka moto, huwezi kuiacha gari pale. Nikasikia mtu anapiga kelele ukumbi mzima: "Piga, mama! Usiiachie! Imebaki kidogo kushika!"

Alikuwa mimi. Na huyo mimi alikuwa amesimama. Nilitazama miguu yangu, na hapo, ndugu zangu, yule mtu asiyeshangazwa na kitu alishangaa.

Binti akateremsha mikono. Ikakohoa. Na mimi nikaanza kwenda mbele. Kwetu, mtu akiimba vizuri harusini unafanyaje? Unamngoja amalize? Unasimama, unakwenda huku unacheza, unamtunza. Nikafungua shati, nikatoa soksi. Noti ya kwanza nikaiweka juu ya piano. Ya pili. Ya tatu. Nacheza mbele ya Wazungu na shati wazi. Huko milimani BUM, mimi naweka noti. Nyuma nikasikia kigelegele. Mama zangu hawa mnaowaona hapa walikuwa wanashuka katikati ya viti kwa mstari, mabega yanacheza, kila mmoja na kanoti kake mkononi, utafikiri tumekuja kumtoa bibi harusi. Wale wa mlangoni wakageuka kutazama. Yule wa miwani akachungulia kutoka chini ya kiti.

"Toka, bwana," nikamwambia. "Mwisho ndio huu."

Na ikashika! Mikono yote miwili, pikapu imewaka, inanguruma, inaondoka na mtaa wote nyuma. Sitasahau. Alipomaliza tuligundua huko milimani kumenyamaza, hatujui tangu saa ngapi.

Sista mzee akanijia, anacheka na kulia. "Bwana, katika maisha yangu yote sijaona mtu anaweka pesa juu ya piano."

Nikamjibu, "Sista, kwenu watu wanalipa mlangoni kabla ya kusikia. Sisi tunalipa tukishasikia."

Jioni binti akaniletea zile noti kwenye kitambaa. Nikazikataa. Pesa ya kutunza hairudi kwa aliyetunza, mnajua aibu yake. Mke wangu akaangalia soksi tupu. "Haya, Kigoma imeisha," akasema, akaenda kukanda unga.

Kesho yake sikuwa na mahali pa kukimbilia, basi nikaenda kwenye majivu ya duka langu. Nikaokota boliti, nikazisugua kwa mchanga, nikazitandaza juu ya gunia kando ya barabara. Debe liligongwa nyuma yangu. Nilishtuka, sikatai. Lakini sikulala, na yule mtoto nikamuuzia boliti mbili za baiskeli ya baba yake. Leo nina duka tena. La mlango mmoja, lakini ni mpana. Binti yangu anafundisha piano kwenye ile ile shule.

Namshukuru mke wangu kwa kila andazi. Namshukuru yule sista. Nawashukuru ninyi mama zangu, mlionishika mkono barabarani na hamkunicheka mpaka tulipofika nyumbani. Ninalowaachia ni hili: usikae ndani ukingoja woga uishe. Nenda nao. Ukae pale ambapo mtu wako anakutafuta kwa macho.

Jana usiku milio mliisikia wote. Nilikuwa nakunywa chai, nikaimaliza. Watu wananiuliza nilikwenda kwa mganga gani, nilinunua dawa gani. Sikununua dawa. Lakini bei ya kupona naijua vizuri, niliihesabu kila jioni: faranga elfu ishirini na tatu, mia nne na hamsini.