Zebaki Ikitoka Kikaangoni

Benchi lile liko mbele ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu, ndiyo maana wanaolikalia huongea kwa kupayuka hata mashine ikizimwa. Asubuhi hiyo ilikuwa imezimwa. Fundi Moto alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, na bado nusu ikamwagikia mapajani. Yeye ndiye mchomaji wao. Mchanga ukishaoshwa kwa zebaki, wenzake humletea donge jeupe, analiweka kikaangoni, zebaki inakwenda zake, dhahabu inabaki. Miaka kumi na moja. Sasa mikono hiyo ilishindwa hata kufunga kifungo, na wenzake walikuwa wanacheka. Kilimuuma sana kicheko kile.

— Hiyo baridi ya shimo, alisema Kifusi, mchimbaji.

— Shimo gani? Sijashuka shimoni tangu nioe!

— Basi kahawa. Punguza.

Profesa, aliyeishia darasa la sita, alikohoa kwanza.

— Acheni ujinga. Ndani ya dhahabu mna madini ya fedha. Hao mtu na mkewe. Unawachoma pamoja kila siku, unadhani hawana kinyongo? Wahenga walisema, wagombanao ndio wapatanao.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia tu.

— Mimi nasema karogwa, alidakia Kifusi. Yule mwenye matangi ya sayanaidi. Mchanga tukimaliza kuuosha, yeye anauloweka kwenye dawa yake, anapata dhahabu kutushinda. Sasa anataka na zebaki tuiache, mchanga umfikie mzimamzima na dhahabu yake yote.

— Jamani, mimi nataka mikono yangu! Sitaki hadithi!

Mama mmoja mshonaji, aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Samahanini, kaka zangu. Hiyo zebaki ikitoka kikaangoni, huwa inakwenda wapi?

— Inakwisha, alisema Kifusi.

— Inakwishaje?

— Inapaa, alisema Profesa. Inarudi kwa Mungu.

— Hata kama mtu anachomea ndani?

Fundi Moto huchomea jikoni kwake, mlango na dirisha vimefungwa, majirani wasijue ana dhahabu ya watu. Mkewe huchuchumaa pembeni akipepea mkaa. Na asubuhi ile ile mkewe alimletea sindano amtungie uzi, kwa kuwa yeye alikuwa amejaribu mpaka akachoka. Fundi Moto naye hakuweza. Wakatazamana, wakacheka kwamba uzee umewafumania wote wawili siku moja.