Ngazi Kumi na Tatu za Verna

Ndugu na majirani, dada yetu Verna Mae Stoltz alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa Tanner's Fork, Ohio, mtoto wa kwanza wa Amos na Lydia Hostetter. Mimi Orville ndiye niliyemfuata.

Alisoma hapa hapa, akamaliza mwaka 1964, kisha akaendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Wengi mlioketi hapa aliwabeba, na aliyesahau glavu alivalishwa za Verna mwenyewe. Juni 1968 aliolewa na Delbert Stoltz, aliyemjengea nyumba yenye chumba cha kulala juu, ngazi kumi na tatu. Delbert alitutoka mwaka 2011.

Marehemu alikuwa na bima ya afya ya wazee ya serikali, wala hakutaka habari ya kuhamia bima ya kampuni binafsi. Tulibishana kila Jumamosi majirani tulipokula chapati za maji pale kituo cha zimamoto. Mimi nilikuwa nimeshahama, na kampuni ikanitengenezea meno.

"Wakikupa meno bure, mdogo wangu, jiulize wao watakula nini."

Watu walicheka. Nikamjibu basi aendelee kunyonya mahindi kwa ufizi. Msimu wa kujiandikisha bima wa 2021 alitia sahihi ya kuhamia kampuni, mezani kwangu, kwa kalamu yangu. Agosti iliyofuata, kwenye maonyesho ya wilaya, alitafuna mahindi matatu kwa meno mapya, siagi ikimchuruzika kidevuni, akasema mimi ndiye niliyeshinda ubishi.

Tarehe 11 Januari 2023 aliteleza kwenye barafu akifuata barua, akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji alipelekwa kituo cha mazoezi ya viungo. Siku ya kumi na sita kampuni ikasema haitalipia tena, arudi nyumbani. Mwalimu wake wa mazoezi alisema bado. Tulikata rufaa, tukakataliwa. Verna aliongea kwa simu na binti wa kampuni, bila hasira.

"Mwanangu, kwangu kuna ngazi kumi na tatu. Hapa nimefika ya nne."

Binti akampa pole.

Aliporudi nyumbani nilimtandikia kitanda chini, sebuleni. Alitaka kile cha Delbert, juu. Tarehe 6 Februari nilimkuta ameanguka, amelala mwanzo wa ngazi. Hospitalini nilimwomba msamaha kwa ajili ya ile sahihi. Akanishika mkono.

"Yale mahindi yalikuwa matamu, Orville."

Alifariki tarehe 8, akiwa na miaka sabini na sita. Ameacha binti yake Darlene, wajukuu wawili, na mimi.

Pumzika, dada, mahali pasipo na ngazi.