Ukurasa Alioutaka Kitonga

Njooni karibu na kitanda, Nzisa na Muthama, na mzime hiyo redio, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitarudia neno. Shamba mmeshagawana, upande wa juu kwa Nzisa na wa chini kwa Muthama, nami sina la kuongeza. Ninachowaachia leo ni Kitonga.

Mnajua nilifanya kazi katika maktaba ya hapa Kalamba miaka kumi na tisa. Watu walidhani maktaba ni mahali pa watoto wa sekondari kujiandaa kwa mtihani, na siku nyingine viti vilikaa vitupu hadi jioni, ndipo nikamwambia mkubwa wangu kwamba vikundi vya mwethya vinavyosaidiana kazi, makanisa na zahanati vina karatasi zinazoliwa na mchwa, na sisi tuna kabati la chuma na macho ya kusoma, basi tuvihudumie. Akacheka. "Nyamai, unataka tuwe makarani wa kila kikundi cha akina mama?" Nikamjibu ndiyo. Kila kikundi kikaleta kitabu chake cha mikutano, nasi kabla ya kukifungia tuliwakalisha wanachama siku ya soko na kuwasomea kwa sauti, kwa Kikamba, yote waliyokubaliana, maana wengi hawakujua kusoma na wenyeviti wao walilijua hilo vizuri. Kisha tulipiga nakala moja, tukaituma Kitui ikae huko.

Kitonga alikuwa mwenyekiti wa kikundi kilichojenga bwawa la mchanga mtoni, ule ukuta wa mawe unaozuia mchanga ushike maji, na mama yenu Kalondu alibeba mawe yake kwa mgongo. Kisima cha kando ya bwawa kiliandikwa kuwa cha wanachama wote, lakini kiko mpakani mwa shamba la Kitonga, na siku moja akaja maktaba akaninong'oneza, "Nyamai, ule ukurasa wa kisima uchane tu, wewe ni mtu wangu." Nikamwambia hapa hatuchani hata gazeti la jana. Wiki haikuisha akawaambia mkubwa wangu na wazee wa kanisa kwamba vitabu vya maktaba vinauzwa Emali, na muuzaji ni mimi. Nikafukuzwa. Kanisani nikahamia benchi la mlangoni, na wanawake wakawa wanashika mikoba yao nikipita. Huduma ikafungwa, Kitonga akachukua kitabu cha kikundi, akazungushia kisima waya. Mama yenu, mwenye mawe yake mle, akawa anatembea hadi mto wa mbali, mpaka siku ile punda walirudi na mitungi na yeye hakurudi.

Sasa mkubwa mpya ameifungua huduma tena na Nzisa ndiye anayeishika. Kitonga ameandika barua kuomba kikundi chake kihudumiwe, kwa sababu wafadhili wa pampu wanataka kumbukumbu zilizohifadhiwa maktaba. Juzi alikuja hapa na pasta na pakiti ya sukari. "Tusameheane, mzee mwenzangu." Nikamuuliza tusameheane nini. Akamtazama pasta, akasema, "Yote kwa jumla." Nikamwambia aende aandike orodha, arudi.

Nzisa, usimkatae. Maktaba ni ya umma, nami nataka ahudumiwe mpaka ashibe. Ile nakala niliyodhani imepotea, rafiki yangu Kiema ameipata Kitui mwezi jana, na imo chini ya godoro hili. Alhamisi, siku ya soko, mpe Kitonga kiti cha mbele, waite wanachama wote na watoto wa waliokufa, usome polepole, na ukifika kwenye kisima usome mara mbili, pamoja na jina lake na sahihi yake. Kisha umuulize mbele yao kama ana marekebisho, maana hiyo pia ni kanuni yetu. Sitakuwepo kuuona uso wake, na hilo linaniuma kuliko kufa.

Pasta anataka niondoke na moyo mweupe. Nitajieleza huko niendako. Ninaacha kiumo, na mnajua katazo la mzazi anayekufa halina wa kuliondoa: mtoto wangu yeyote asinywe maji ya kisima kile mpaka waya utoke. Muthama, najua Kitonga amekuahidi kazi kwenye pampu na kukupa ufunguo wa lango la kisima. Usiniguniegunie. Rudisha ufunguo wake leo.

Nipeni maji, midomo imekauka... Ngoja. Haya umeyachota wapi, Muthama? Niangalie. Umeyachota wapi?

Yatoe. Yamwage nje.

Kwetu baraka hutemwa mkononi, na mate niliyobaki nayo ni ya mtu mmoja. Nzisa, lete viganja... hivyo. Uzae, ulale salama, usome bila kumwogopa mtu.

Muthama, usilie. Chukua mtungi, nenda kule mto wa mbali, unichotee... Kimbia, mwanangu. Nitajaribu kukungoja.